Namna ya kuokota maneno mupya mu riwaya ya Kiswahili, kwa sisi batu ya Bukavu, Goma na Lushi

Mara ya kwanza nasoma riwaya muzima ya Kiswahili sanifu nilikuwa mu boti, natoka Goma narudi Bukavu, ziwa ilikuwa imetulia na nikasema leo nasoma paka tufike. Ku mwanzo kabisa kuko kijana moya, bibi yake anakufa, banamuzika, majirani banajaa mu nyumba, yeye anakaa mu kona anakataa kula. Nilimuhurumia sana, nikawaza huyu alioa mapema namna gani. Nikaendelea kusoma, sura mbili mbele nakuta ile kijana iko na miaka kumi na mbili na iko darasa la sita. Nikafunga kitabu, nikaangalia maji, sikuelewa kitu.

Mangaribi yake nikamuuliza mama mukubwa, mwenye alikaaka Kigoma miaka mingi. Akaniambia: “Mutoto wangu, kule bibi si ule mwenye ulioa. Bibi ni koko, mama ya muzazi wako.” Basi, nilisoma sura mbili nzima na bibi ya Bukavu mu kichwa, na kitabu ilikuwa naongea bibi ya Tanzania. Tangu ile siku njo nilianza kusoma riwaya na krayo mu mukono, na bile nimejifunza njo nataka kubiandika hapa, juu kila mara kuko mutu ananiuliza “yaya, Kiswahili sanifu nitaishika namna gani”.

Na kweli batu banaitafuta sana. Tangu Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022 bengi banaenda Dar, Arusha, Kampala kutafuta bintu bya biashara, bengine banataka kazi ya radio, bengine ya kutafsiri. Banakamata liste ya maneno mia tano, banaipiga mu kichwa kama vile tulipigaka tabeli ya kuzidisha ku masomo, kisha mwezi moya haibakie kitu. Liste haina mutu ndani. Mu riwaya neno inakuja pamoja na mutu mwenye analisema, na nyumba kwenyi iko, na hasira ama machozi yake, na njo juu yake inashika. Neno “upweke” ukilikuta ku liste ni herufi sita tu, lakini ukilikuta ku muzee mwenye kila jioni anatenga sahani mbili na anakula peke yake, hautalisahau.

Bon, tuanze na kuchagua kitabu, juu hapa njo bengi banaangukaka. Mutu anasikia kama riwaya fulani ni kubwa, inafundishwa ku université, anaianza, ukurasa ya tatu anaichoka na anasema Kiswahili ni nguvu. Hapana, ni kitabu njo haikukufaa leo. Fanya hivi: fungua ukurasa moya ya katikati, si ya kwanza, soma yote, na kila neno yenye hauelewe kabisa kunja kidole moya. Paul Nation, mwalimu wa New Zealand mwenye alichunguza miaka mingi namna batu banajifunza maneno, alionyesha pamoja na mwenzake kama juu mutu aelewe hadithi bila musaada inafaa ajue karibu maneno 98 ku kila 100. Balipima ile ku Kiingereza, lakini hesabu inatusaidia: ni neno moya geni ku kila maneno 50, na ukurasa ya riwaya yenye maneno kama 300 inakuwa na sita. Mimi kwa sisi batu ya huku naongeza kidogo, vidole yote kumi inaweza kunjwa na bado usome, juu maneno mingi yenye tunazani ni geni tuko nayo tayari mu Kiswahili yetu, inavaa tu nguo ingine, nitaeleza chini. Ikipita kumi, rudisha ile kitabu mu kabati, si kuitupa, utairudilia kisha mwaka.

Tena anza na riwaya ya muji na ya siku hizi, yenye iko na masomo, ofisi, mapenzi, polisi, bashoferi. Ile ya pwani ya zamani ni tamu sana na mimi njo napenda kuliko zote, lakini inakuja na bahari muzima. Mu 1928, ku mukutano ya Mombasa, balichagua Kiswahili ya muji wa Zanzibar, Kiunguja, ikuwe musingi ya Kiswahili ya bitabu. Kwa hiyo lugha yenye inaitwa sanifu ilizaliwa ku maji ya chumvi. Utakuta maji inakupwa na inajaa, utakuta bamvua, utakuta kusi na kaskazi kama majina ya pepo, ngalawa, jahazi. Sisi tuko na ziwa, na Ziwa Kivu haina kupwa wala kujaa, asubui maji iko pale pale kwenyi uliiacha jana. Mutu wa Bukavu akisoma “walisubiri maji yajae” anaweza kuwaza banangojea ndoo ku borne. Ile si kukosa akili, ni kukosa bahari, na hakuna diksionere yenye inaweza kukupa bahari mu siku moya. Done ile riwaya ikuwe ya pili ama ya tatu.

Sasa kusoma kwenyewe. Sura ya kwanza soma yote bila kusimama, hata kama hauelewe mingi, hata kama inakuuma. Kamata krayo (krayo, si biki, utaona juu ya nini ku mwisho) na chini ya kila neno yenye inakusumbua weka doa moya mudogo, kisha endelea. Usifungue telefone, usifungue kamusi, usiulize mutu. Kwa nini? Juu ukisimama ku kila neno hadithi inakufa, na hadithi ikikufa hakuna kitu yenye itakurudisha ku kile kitabu kesho. Na tena neno ingine inajieleza yenyewe ukurasa mbili mbele. Nilikutaka neno “karaha”, nikaweka doa, mbele kidogo yule mwanamuke anageuza uso, anafunika pua, anasema hataki kuiona tena ile nyumba, bon, nimeelewa, nani atanieleza karaha zaidi ya ile pua?

Sura ikiisha njo unarudi ku madoa. Na hapa njo shauri yangu kubwa, yenye batu banakatalaka: usikamate yote. Kamata tano. Sura moya, maneno tano, basi. Madoa inaweza kuwa makumi ine, acha thelathini na tano ilale. Unachagua namna gani? Mimi naangalia kwanza neno yenye ilirudi mara mbili ama tatu, juu mwandishi akiirudilia ni kusema anaihitaji na wewe utaihitaji. Kisha neno yenye ilifunga mulango ya hadithi, yenye bila yeye hauelewe kwa nini mutu alikasirika. Na mwisho, hii ni ya moyo, neno yenye unasikia unataka kuisema wewe mwenyewe. Kuko maneno unaipenda tu ku mudomo. Nilipendaka “taratibu” na “faraja” bila sababu, nikaibeba. Majina ya samaki, ya majani, ya bipande bya chombo, acha, isipokuwa wewe ni muvubi.

Ile tano, mbele ya kufungua kamusi, pima kuifungua na funguo zako. Na funguo tuko nazo, ndugu yangu, hii njo kitu nataka sana usikie. Bengi banatuambiaka kama Kiswahili ya Kongo ni mbovu, na tumeamini, tunaingia mu riwaya na haya. Lakini angalia. Sisi tunasema bintu, kitabu inasema vitu. Biatu, viatu. Batoto, watoto. Mutu, mtu. Mukono, mkono. Bugali, ugali. Bunga, unga. Busiku, usiku. Lulimi, ulimi. Moya, moja. Njo, ndiyo. Fasi, nafasi. Si lugha mbili, ni nyumba moya yenye milango mbili. Ukikuta neno inaanza na vi- na hauijue, iseme na bi- kwa sauti. Ikianza na u-, iseme na bu-. Ikianza na m- yenye imebana, weka mu- fasi yake. Mara mingi neno inafunguka mu kinywa mbele ya kufunguka mu kichwa. Tena sisi ba Bukavu l na r inatuchanganyaka, tunaandika kurara na kulala ni kitu moya, kwa hiyo kama neno haionekane mu kamusi ku R, nenda uiangalie ku L mbele ya kusema haiko.

Funguo ya pili ni kuvua neno nguo. Chukua fraze kama hii, naitunga mimi mwenyewe: “Alipoingia ukumbini alimkuta mzee amejiinamia, hata salamu hakuitika.” Neno amejiinamia inatisha. Vua: a-, ni yeye. -me-, imekwisha kufanyika. -ji-, anajifanyia yeye mwenyewe. Ku mwisho iko -ia. Inabakia nini? Inama. Na kuinama unajua, mama yako anainamaka kila siku akisukula. Done muzee ameinama juu yake mwenyewe, kichwa chini, na ukiongeza kama hakuitika salamu, unaona huzuni bila mutu kukuambia huzuni. Na ukumbini? Iko -ni ku mwisho, ile njo sisi tunasemaka “mu”: mu ukumbi. Ukumbi ni salo, fasi kubwa ya kupokelea batu. Fraze ya maneno nane, na mbili zenye zilikutisha, moya ulikuwa nayo tangu utoto.

Pia kitenzi kimoya kinazala familia muzima, na ukishika mama unashika batoto. Pika: inatoka pikia, pikwa, pikika, mpishi, mapishi, upishi. Usiandike kila moya mu kaye kama neno mupya, andika pika na uwaweke batoto yake chini.

Kuko funguo ya tatu, hii nilielewa kisha muda mrefu na ilinifurahisha sana. Maneno mingi yenye ilitoka ku Kiarabu inabeba herufi tatu kama mifupa, na nyama inabadilika. Angalia k-t-b: kitabu, katibu, maktaba. Yote iko na habari ya kuandika: kitabu yenyewe, mutu mwenye anaandika, fasi kwenyi bitabu binakaa. Angalia h-k-m: hukumu, hakimu, mahakama. Hukumu unaijua, unaisikia ku radio, basi hakimu ni mwenye anaitoa na mahakama ni fasi yake, hata kama wewe unasema juge na tribinali. S-f-r: safari, safiri, msafiri. A-m-n: amini, imani, amana, uaminifu. Amana njo ile kitu mutu anakuachia ulinde juu anakuamini, na nilipoona imani ndani yake nilikaa kimya kidogo, neno ilikuwa nzuri sana. Ukiona dh ama gh mu neno, mara mingi ni ya hii familia, tafuta mifupa. Haitumike kwa kila neno, lakini ikikubali inakupa maneno ine kwa bei ya moya.

Na batu ya Bukavu, sisi tuko na neno moya ya hii familia ku midomo kila siku bila kuiangalia: Alfajiri. Kolezi. Batu mingi banasema “nasoma ku Alfajiri”, “nangojea taksi ku Alfajiri”, na ukibauliza maana, ni jina ya masomo basi. Alfajiri ni saa ile giza inaanza kupasuka mbele ya jua, na ni saa ya sala ya kwanza ya Baislamu. Mu riwaya ya pwani saa haisomwe ku montre, inasomwa ku sala: alfajiri, adhuhuri ni katikati ya muchana, alasiri ni kisha muchana jua ikianza kulala, magharibi ni jua ikizama, isha ni busiku. Ukisoma “walionana baada ya magharibi” usiende kutafuta upande ya Kinshasa, ni saa. Na mangaribi yetu, yenye nimeandika juu kabisa, ni ile ile magharibi, tuliibeba tu bila sala yake. Shika ile tano, andika ku jalada ya ndani ya kitabu, zitakusaidia kuliko kitu yote ingine mu bitabu bya Zanzibar na Mombasa.

Funguo zikikataa, fungua kamusi. Ile ya bengi ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ilitoka mara ya kwanza mu 1981, ya batu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuko Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Tanzania) ya 2015. Zote zinaeleza Kiswahili na Kiswahili. Lakini kamusi inafunguliwa na mutu mwenye anajua neno inakaa wapi. Kitenzi kinakaa bila ku- na bila nguo yote: hakumtegemea, nenda ku tegemea, ku T. Na majina inakaa ku umoja, na hapa batu banapotea na banasema kamusi haina kitu. Ukikuta nyuzi, usiangalie ku N, ni uzi. Kuta ni ukuta. Nyimbo ni wimbo. Mbao ni ubao. Ndimi ni ulimi. Meno ni jino, macho ni jicho, vyombo ni chombo. Nilitumiaka karibu saa moya kutafuta “kuta” nikizani ni kukuta mutu, na hadithi ilikuwa naongea nyumba yenye kuta zinapasuka. Neno ikikataa ku herufi yake, weka u- mbele na upime tena.

Na kamusi ikikupa maana tatu, rudi ku fraze, usikamate ya kwanza tu juu iko ya kwanza.

Sasa narudi ku bibi, juu hii njo nguvu kuliko yote. Neno yenye hauijue inakupigia kelele, unaweka doa. Neno yenye unazani unaijua inapita kimya na inakuharibia kitabu muzima. Yaya: kwetu ni mukubwa wako, unamuita na heshima, mu riwaya ya Nairobi ama Dar yaya ni mwanamuke mwenye analipwa kulea mutoto. Kamata: sisi tunakamata kitabu, tunakamata taksi, tunakamata chai, kule kukamata ni kwa nguvu, polisi njo anakamata mwizi, na ku kitabu banachukua. Tosha: mama anasema “tosha ile sufuria ku moto”, na kitabu inasema “chakula kilitosha”, ni kusema kilifika kwa bote, hakuna mwenye alikiondoa. Masomo: kwetu ni nyumba, tunaenda ku masomo, kule nyumba ni shule, na masomo ni bile unasoma ndani. Ishara ya kuijua ni moya: fraze unaielewa neno kwa neno lakini hadithi inakuwa ya ajabu, kijana wa miaka kumi na mbili iko na bibi. Ikitokea hivyo, usilaumu mwandishi na usijilaumu wewe, rudi nyuma fraze mbili na uulize ni neno gani ya nyumbani imejificha pale. Mimi niko na ukurasa ya pekee ku mwisho wa kaye kwa hizi tu, inaitwa “mapacha”, na naipenda kuliko zote.

Kaye yenyewe, basi. Usiandike neno upande huu na Kifaransa upande ule. Najua njo vile tulifundishwa, mot na traduction, na inaonekana safi. Lakini ukiandika upweke = solitude, kesho ukitaka kuisema utapita kwanza Paris mbele ya kufika Kadutu, na njiani neno inapotea. Andika neno, chini yake fraze ya kitabu muzima vile iko na namba ya ukurasa, kisha chini yake fraze yako, ya mutu yenye unajua, ya fasi yenye unajua. Kwa upweke niliandika: “Tangu watoto waende Kinshasa, mama wa jirani anaongea na kuku zake juu ya upweke.” Ile jirani iko kweli, zile kuku niko nazisikia sasa hivi, na neno imekaa. Kifaransa naitumia tu ku majina ya ndege, ya miti, ya bidude, pale hakuna maana ya kuandika mistari tano kueleza kitu yenye neno moya inaonyesha.

Fraze yako ikuwe ya kweli. Ukiandika “upweke ni mubaya”, haujaandika kitu.

Kurudilia. Mujerumani moya, Hermann Ebbinghaus, alijipima yeye mwenyewe na silabi zisizo na maana, akatoa kitabu yake mu 1885, na aliona kama mutu anasahau haraka sana ku masaa ya kwanza na siku ya kwanza, kisha kusahau kunapunguza mbio. Done usingojee siku ya Mungu juu ya kurudilia juma muzima. Soma zile tano busiku uleule mbele ya kulala, tena kesho asubui, tena kisha siku tatu, kisha juma, kisha mwezi. Dakika mbili, tatu, haiombe zaidi. Mwandishi moya, Sebastian Leitner, miaka ya 1970 alitangaza namna ya maboxi: unakata karatasi ndogo, neno upande moya, fraze upande ingine lakini fasi ya neno unaacha mustari. Ukijibu muzuri karatasi inaenda boxi ya mbele, yenye unafungua kisha siku mingi. Ukikosa inarudi boxi ya kwanza, ya kila siku. Mimi niko na mikebe tatu ya maziwa ya unga, kila moya na rangi yake ya plastiki, na batoto ya hapa nyumbani banapenda kuniuliza, banatosha karatasi na bananipigia kelele nikikosa. Umeme ikikatika hatuna kitu ingine ya kufanya, tunafanya hii na buji.

Lakini yote hii haina maana kama neno haipite ku mudomo. Sheria yangu: neno haijakuwa yangu paka niiseme ku batu tatu. Natumia ku voisi ya WhatsApp, natumia nikieleza mutu hadithi ya kitabu, na kueleza hadithi njo kuko bora, juu pale maneno inakuja yenyewe ikifuatana na batu yake. Niliwaelezaka bamama benye banatengeneza sambaza (samaki ndogo ya ziwa) pamoja na mama mukubwa habari ya ule muzee wa sahani mbili, na nikasema “alizoea upweke”, na moya akauliza upweke ni nini, na mwenzake mwenye hajasomaka hata riwaya moya akamujibu “si kuwa pekee, iko mu neno”. Kweli. Peke, pekee, upweke. Mimi sikuiona, nilikuwa nimeiandika mu kaye kama neno geni kabisa.

Batu bengine watasema unajifanya Mutanzania. Itakuuma kidogo. Mimi najibu polepole kama sijaacha kitu, nimeongeza. Ku kitabu naita kisamvu, ku meza ya mama naomba sombe, na sitaomba kisamvu pale hata siku moya juu ile si ile chakula ya mama. Ku kitabu mchicha, hapa lengalenga. Ukisoma riwaya na ukaanza kuona haya ya Kiswahili ya bazazi wako, basi umeisoma mubaya, na ningependa uifunge. Zile funguo zote nimeonyesha juu zilitoka ku mudomo ya mama yako. Na kitu ingine: ukiandika ripoti ama ukiongea na mutu wa Arusha tumia sanifu, ukirudi nyumbani rudi kabisa, na mulango ibakie wazi pande zote mbili.

Kwa masikio, radio inasaidia sana katikati ya sura na sura. Okapi ama RFI Kiswahili, sikiliza habari na uangalie kama moya ya zile tano zako itapita. Ikipita utaruka. Nilikuwa ku mulango wa duka nangojea chenji, radio ya muuzaji ikasema “mahakama imeahirisha”, na “ahirisha” nilikuwa nimeiandika siku mbili mbele, ni kusukuma jambo ku siku ingine. Nikasahau chenji.

Endelea hivyo sura kwa sura, tano kwa sura. Riwaya ya sura ishirini inakupa maneno mia moya yenye iko yako kweli, na zingine mingi zenye zinakuzoea tu kwa kukutana nawe. Kuanzia sura ya sita ama ya saba utaona madoa inapungua, si juu umekuwa na akili mupya, ni mwandishi: kila mwandishi iko na maneno yake yenye anapenda, na sasa unayajua. Kwa hiyo ukimaliza, kitabu ya pili ikuwe ya yule yule mwandishi kama inapatikana.

Na kisha ukurasa ya mwisho, mbele ya kuazimia mutu ile kitabu, rudi sura ya kwanza na gome ya kufuta mu mukono. Ile krayo njo ilikuwa ya hii. Soma polepole, na kila doa yenye neno yake unaijua sasa, futa. Mimi nilifanyia pale pale mu boti, safari ingine ya Goma, nilianza tukiwa bado tunaona nyumba za Bukavu na nilipofika ku ile fasi ya bibi kufa nilisoma mara mbili. Mutoto wa miaka kumi na mbili, koko yake amekufa, anakaa mu kona anakataa kula. Kisha nikafuta paka mwisho wa sura. Ilibakia madoa tatu, na mbili zilikuwa majina ya samaki.